NYUMBA YA KUPONYA ISITULETEE UGONJWA

Ndugu mfanyakazi, wewe unayeshuka shimoni, na wewe wa karieri na wa kiwanda, ninapenda kukuuliza neno moja mbele ya kuanza. Siku paa la galeri linapoonyesha ufa, mkubwa wako wa kazi anafanya nini? Anabandika karatasi yenye kusema "Chunga kichwa chako"? Hapana. Anasimamisha kazi, anapiga jiwe kwa chuma ili asikie sauti yake, analeta watu wa kutia bulo na nguzo, na nyuma ya hayo ndipo watu wanaingia. Karatasi nayo inaweza kubandikwa, si vibaya. Lakini hakuna mtu wa shimo anayeamini kama karatasi inashika jiwe.

Basi, katika nyumba zetu za matunzo tunaamini hivyo kila siku. "Nawa mikono." "Chunga sindano." "Ukikohoa, funika kinywa." Karatasi hizo nimeandika nyingi kwa mkono wangu mwenyewe, wanasema herufi zangu ni nzuri, ndiyo sababu wananipa kazi hiyo. Lakini mwuguzi akiisha kusoma "Nawa mikono", anageuka na kutafuta robine, anaikuta katika chumba cha tatu, nayo imefungwa kwa ufunguo. Mgonjwa wa pili amekwisha kukaa kitini, wengine 40 wanangoja inje. Unafikiri atafanya nini?

Ninaandika neno hili leo kwa sababu plani ya dispanseri mpya ya kambi yetu imebandikwa katika biro ya usalama, na kazi ya kujenga inapashwa kuanza wakati mvua zitakapoisha. Ukuta wa karatasi unasogezwa kwa kalamu na mpira wa kufutia. Ukuta wa matofali na sima, kuusogeza ni feza nyingi, na kwa kawaida hausogezwi hata kidogo. Watu wanaishi nao miaka 40 wakinung'unika.

Nieleze kwanza jambo lililonipata mimi. Pahali sitapataja.

Nilikuwa na miaka miwili tu tangu kutoka masomoni, ninatumika zamu ya usiku katika hospitali ndogo. Mgonjwa mmoja aliletwa na homa kali, anatetemeka mwili mzima, nikamtia sindano. Kisanduku cha kutupia sindano hakikuwa katika chumba kile. Kilikuwa kimoja tu kwa nyumba nzima, nacho kilikaa mwisho wa koridori, karibu na chumba cha dawa. Ni hatua 34. Nilizihesabu nyuma, wakati nilipokuwa na saa za kuhesabu. Taa ya koridori ilikuwa imekufa tangu juma mbili. Na kwa sababu hapakuwa na kibanda cha ndugu za wagonjwa, wamama na watoto walikuwa wamelala chini juu ya mikeka, kuta zote mbili. Ninapita katikati yao na sahani yenye sindano tupu mkononi, mtoto mmoja akaamka na kusimama mbele yangu. Nilitaka kumkwepa. Sindano iliingia katika kidole gumba.

Mwenye kuchomwa na sindano ya damu ya mtu mwingine anapashwa kuanza vidonge vya kuzuia ukimwi upesi sana, na isipite saa 72. Anavimeza siku 28. Nilivimeza. Tumbo lilinisumbua, usingizi ulikimbia, na juma la kwanza sikumwambia bibi yangu neno. Nililala upande mwingine wa nyumba nikisema nina homa. Walipima damu yangu mara kadha, miezi kadha. Nilikuwa mzima, ninamshukuru Mungu. Hesabu zinasema kama watu 1000 wakichomwa na sindano yenye damu ya ukimwi bila kumeza vidonge, karibu 3 wanapata vijidudu. Ni wachache, utasema. Lakini kwa ugonjwa wa ini wa namna ya B, mtu ambaye hakuchanjwa anaweza kuupata hata mara 30 juu ya 100. Tena hesabu haimsaidii mtu saa nane ya usiku anapoangalia dari.

Mkubwa wangu wa wakati ule aliandika ripoti ya ajali. Pahali pa "Sababu" aliandika: "Kukosa uangalifu." Nikatia sahihi.

Leo singetia sahihi. Kisanduku kingekuwa ukutani, pembeni ya kitanda, kwa urefu wa mkono, ningetupa sindano bila kupiga hatua moja. Kibanda cha ndugu kingekuwa inje, chenye paa na pahali pa kupikia, koridori ingekuwa tupu. Taa ingekuwa mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Katika hayo matatu, lipi ni kazi ya moyo wangu? Yote ni kazi ya mwashi, ya seremala na ya mtu wa umeme.

Usifikiri kama haya ni madogo. Inchi yetu imelipa sana kwa kuyadharau. Mwaka 1976, kule Yambuku, Ebola ilipoonekana mara ya kwanza, hospitali ya pale ilikuwa na vitanda 120. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano 5 za kutumikia siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa walizisuza tu katika maji ya moto kidogo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Watumishi wa hospitali walikuwa 17. 11 kati yao walikufa, na nyumba ikafungwa. Mwaka 1995 huko Kikwit watu 315 waliugua, na karibu 80 kati yao walikuwa watu wa kazi ya afya. Na jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa madini: toka 1998 mpaka 2000, kule Durba na Watsa, homa ya Marburg iliwashika wachimba zahabu waliokuwa wakishuka katika shimo lenye popo wengi. Ugonjwa ulitoka shimoni, ukaingia majumbani na katika nyumba za matunzo. Watu 154 waliugua, 128 wakafa. Mganga mkuu wa pale mwenyewe aliugua akafa.

Wauguzi wa Yambuku hawakukosa huruma, wala wa Watsa. Walikosa maji pahali pa maji, chumba cha kuchemshia vyombo, na mlango wa pembeni wa kumpitishia mwenye homa ya ajabu mbele ya kumketisha kati ya wengine. Ebola ilipokuja Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka 2018 mpaka 2020, vituo vingi vilijengewa kwa haraka kibanda cha mlangoni: mtu ananawa, anapimwa homa, anaulizwa maneno mawili, na hapo ndipo anapewa njia ya kuingilia. Kibanda cha namna hiyo ni nguzo nne na mabati. Katika plani yetu hakimo.

Sasa nije kwenye hewa. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu wewe mtu wa shimo utanielewa kuliko wanaokaa bironi.

Unajua kama galeri bila hewa ni kaburi. Kuna shimo la kuingizia hewa safi na shimo la kutolea hewa mbaya. Ventilateri kubwa ikisimama, watu wanapandishwa. Hakuna mtu anayesema "Pumueni kwa uangalifu." Sasa angalia chumba cha kungojea cha dispanseri, siku ya Mungu yoyote: watu 60 wamebanana, mmoja kati yao ana kifua kikuu na hajajua bado. Anapokohoa, vijidudu vyake vinaelea hewani saa nyingi, hata akiisha kwenda kwao. Inchi yetu ni moja ya inchi 30 za dunia ambazo kifua kikuu kinazisumbua zaidi. Na mtu ambaye vumbi ya jiwe imekwisha kula mapafu yake, kifua kikuu kinamshika upesi kuliko jirani yake. Ni kusema, tunawaleta watu wenye mapafu yaliyochoka, tunawafungia pamoja na wenye kukohoa, kisha tunashangaa.

Plani inaonyesha chumba cha kungojea katikati ya nyumba, vyumba vingine vikikizunguka pande zote, bila dirisha hata moja, na klimatizeri mbili juu ya ukuta. Ni kizuri kwa macho. Lakini klimatizeri ya namna ile haileti hewa mpya. Inachukua hewa ile ile, inaipoza, inairudisha: kikohozi cha saa mbili unakipumua saa tano, kikiwa baridi. Na umeme ukikatika, nawe unajua namna unavyokatika hapa kwetu, chumba kitakuwa kama chungu kilichofunikwa.

Wataalamu walipima jambo hili katika hospitali za mji wa Lima, kule Peru, wakaandika matokeo yao mwaka 2007. Katika vyumba vya madirisha na milango wazi, hewa iligeuka mara 28 kila saa. Katika vyumba vya mashini vilivyotengenezwa kwa kawaida nzuri iligeuka mara 12. Tena majumba ya zamani, yenye dari juu na madirisha makubwa, yalishinda majumba ya kisasa. Shirika la Afya la Dunia liliandika mwaka 2009 kama chumba cha wagonjwa kinachotumia hewa ya dirishani kinapashwa kupata litri 60 za hewa kila sekunde kwa kila mgonjwa. Dirisha moja kwa upande mmoja halifiki huko. Inafaa matundu pande mbili zinazotazamana, ili upepo uingie huku utoke kule, sawasawa na njia mbili za shimo lako.

Si lazima kwenda Peru. Jirani zetu wa Rwanda walifungua hospitali ya Butaro, kule Burera, mwaka 2011. Koridori za ndani walizikataa. Watu wanapita na kungojea inje, chini ya baraza. Vitanda havikuegemezwa kwenye kuta za inje. Viko katikati ya chumba, vinaangalia madirisha. Waliojenga vile walikuwa wamejifunza juu ya Tugela Ferry, Afrika ya Kusini, ambapo iliandikwa mwaka 2006 kama watu 53 walipatikana na kifua kikuu kisichosikia dawa, na 52 kati yao walikufa. Wengi walishukiwa kuwa walikipata pale pale hospitalini, walipokwenda kutafuta uzima.

Nimeonyesha haya kwa mtu mmoja wa kazi ya majengo, rafiki yangu. Alinijibu maneno ya kweli, sitayaficha. Alisema: "Na vumbi ya kiangazi? Na baridi ya mwezi wa sita? Watu wako watafunga madirisha yote kwanza, kisha tutakuwa tumejenga bure." Ana haki. Nimeona mimi mwenyewe, usiku wa mwezi wa sita hapa Katanga, wagonjwa wakiziba nafasi za dirisha kwa matambara. Kwa sababu hiyo ninaomba matundu yasiyofungika: mistari miwili ya matofali yenye matundu, juu karibu na dari, pande zote mbili, na wavu wa mbu. Hewa chafu ni ya moto, inapanda na kutoka. Baridi haimpigi mgonjwa kifuani. Kwa vumbi, chumba cha upasuaji na cha vidonda vifungwe vizuri, hivyo ndivyo vinavyohitaji klimatizeri. Kwa kungojea inafaa baraza pana upande wa kivuli, na miti.

Akasema tena: "Feza." Sawa. Lakini klimatizeri mbili na umeme wake wa miaka yote, na matofali yenye matundu ambayo waashi wetu wanajua kuyafanyiza wenyewe, kipi ni feza nyingi? Hapo alicheka, akanipa kalamu.

Mambo mengine ya plani nitayapitisha upesi. Ina mazuri: sakafu ya vigae, tanki la maji, mashini ya umeme ya akiba. Ninayasifu. Lavabo ni mbili tu, moja chooni na moja kwa mganga. Inafaa moja katika kila chumba anapoguswa mgonjwa, yenye kufunguliwa kwa kiwiko, iwe kati ya mlango na kitanda, mwuguzi asiweze kumfikia mgonjwa bila kupita mbele ya maji. Takataka za damu zinatoka kwa mlango ule ule wanaoingilia wamama wa mimba. Mlango wa nyuma hauko. Tanuru ya kuchomea takataka imechorwa pembe ya kusini-mashariki, nyuma ya nyumba ya kuzalia. Nani hajui hapa kwetu upepo wa kiangazi unatoka wapi? Moshi wa ganti na plastiki utaingia moja kwa moja kwa watoto waliozaliwa jana. Ihamishwe upande wa pili, basi. Hilo halitaki hata franga moja.

Na usiku mwuguzi mmoja ni peke yake. Ninajua wawili waliopigwa na walevi. Meza yake ichorwe pahali anapouona mlango, naye awe na njia ya pili ya kutokea nyuma yake.

Kuna jambo moja tena ambalo ni la mgongo wangu. Mlangoni plani inaonyesha ngazi nne. Mtu aliyevunjika mguu karierini anafika juu ya machela, wanne wanambeba, wawili wa mbele wanapanda na wawili wa nyuma bado wako chini, machela inainama, mgonjwa anateleza, anapiga kelele. Wakati wa mvua ngazi ni utelezi. Kwa miaka yote ya kazi hii nimeona viuno vya wauguzi vikiharibika kwa kubeba watu, si kwa magonjwa. Ngazi nne ni kama sentimeta 60 za kimo. Mteremko mzuri unahitaji sentimeta 12 za urefu kwa kila sentimeta 1 ya kimo: mita 7 na kidogo. Uwanja wa mbele una nafasi hiyo mara tatu. Na milango imeandikwa sentimeta 80. Machela inapita, lakini mikono ya wanaobeba inakwaruzwa ukutani, na kitanda cha magurudumu hakipiti kabisa.

Utasema: "Wewe ni msaidizi wa mganga, si enjenieri." Ni kweli, nyumba sijui kuzijenga. Lakini aliyechora plani hii, mtu wa akili na wa heshima, hakulala zamu ya usiku ndani ya dispanseri hata mara moja, wala hakuingia humo amebebwa. Sisi tumelala, nanyi mmebebwa. Inafaa aulize watu wa namna mbili hizo mbele ya kumwaga sima. Nisikilize vizuri, sikusema kama ana nia mbaya. Hakuulizwa kuuliza.

Komite ya usalama na usafi itakaa juu ya plani hii Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao. Wajumbe wenu wa sendika wana viti ndani yake. Waambieni mnayoyajua: pahali mlipoanguka, pahali bibi yako aliposimama na mtoto mgongoni saa tatu katikati ya wenye kukohoa, mlango uliowashinda usiku ule mlipomleta mwenzenu. Asiyejua kusema mbele ya watu aje kwangu dispanseri, saa sita ya mchana, nitaandika. Nilisema herufi zangu ni nzuri.

Na mbele ya mkutano huo tumepata ruhusa ya kufanya jambo moja. Jumamosi, nyuma ya zamu ya asubuhi, tutachora plani nzima kwa chokaa juu ya uwanja wa mpira, kwa vipimo vyake vya kweli, mita kwa mita: vyumba, milango, koridori, ngazi nne. Kisha tutabeba machela yenye mtu, toka mlangoni mpaka chumba cha vidonda, tuone wapi tutakwama. Mwashi mmoja amekubali kuja na kamba na mita. Chokaa iko. Machela nitaleta mimi. Tunatafuta wabebaji wanne, na mtu mmoja mwenye kilo 80 au zaidi atakayekubali kulala juu yake.